Hasara za Watu Wengine

Shimo la nne ndilo lililokuwa baya kuliko yote, kwa sababu ukingo wake ulikuwa umemeguka na mtu aliyesimama pale kuvuta ngozi hakuwa na mahali pa kukaza mguu. Ismaël alikuwa amesimama pale. Alizamisha upondo wenye ndoano ndani ya chokaa, akapapasa, akanasa, akavuta. Ngozi ikapanda polepole, nzito, ikinuka mayai viza, manyoya yakimomonyoka yenyewe. Ilipofika ukingoni maji yake yalimrukia na kumwingia kwenye nyufa za vidole. Hakuguna. Alikuwa na miaka kumi na minane katika kazi ile, na mikono yake haikuwa tena ikimweleza kila kitu.

Ilikuwa ngozi ya thelathini na moja asubuhi hiyo. Glovu walikuwa wameletewa mara moja tu, mwaka wa 1984, jozi sita kwa watu kumi na wanne, na chokaa ilizila kabla ya Ramadhani kwisha.

Alipoinua kichwa kupangusa jasho kwa bega, akamwona Cassien akishuka kando ya mfereji amevaa koti jeupe, kikapu cha chupa mkononi.

Ilikuwa Machi 1990. Miezi minne nyuma, wazungu wa benki moja ya Ulaya walikuja kukagua kiwanda hicho cha ngozi, bondeni chini ya mtaa wa Gikondo, Kigali, kwa sababu mkurugenzi, Bwana Munyaneza, alikuwa ameomba mkopo wa mashine mpya. Walitembea wamefunika pua. Walitazama maji ya kijani yanayotoka kwenye mapipa ya dawa, wakayafuata mpaka yanapopita chini ya ukuta na kuingia kwenye mashamba ya kina mama, wakapiga picha. Kisha wakasema mkopo upo, ila kwa sharti. Kiwanda kiwe na mtu wa kusimamia maji machafu, na mtu huyo aandike ripoti inayoonyesha kujenga mabwawa ya kuyasafisha kutagharimu nini na kutaleta faida gani.

Mashimoni hakuna aliyekuwa na shaka kwamba mtu huyo atakuwa Ismaël. Nani mwingine alijua kila bomba linakoanzia na linakoziba? Siku mkurugenzi alipowakusanya kwenye karakana, Ismaël alikuja amechonga ndevu na amevaa shati la Idi ndani ya ovaroli. Mkurugenzi akataja jina la Cassien. Watu wakageuka kumtazama Ismaël, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Cassien alikuwa na miaka ishirini na minane. Wazazi wake walikimbia Rwanda mwaka wa 1959, naye akakulia Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, akasoma kemia mpaka akapata diploma. Alikuwa amefika Kigali miaka mitatu nyuma akiwa na begi moja. Ismaël ndiye aliyemkuta getini akimsalimia mlinzi kwa Kiswahili kilichonyooka, akampenda hapohapo, akamwombea kazi, akampa chumba cha uani nyumbani kwake Biryogo. Alimfundisha kuijua ngozi iliyoiva kwa kuibonyeza na dole gumba. Alimfundisha kila kitu isipokuwa Kifaransa, na Kifaransa ndicho kilichompatia koti.

Pamoja na koti walimpa buti za mpira, meza karibu na dirisha, na nusu lita ya maziwa kila siku, kwa sababu wazungu walisema mtu anayeshika dawa lazima anywe maziwa. Watu wa mashimo walikuwa wameyaomba maziwa hayo tangu lini. Saa nne Cassien alipokunywa, Ismaël alijikuta akisikiliza anavyomeza.

"Mzee Ismaël, karibu nusu," Cassien alimwambia siku ya kwanza, akimnyooshea kikombe.

"Kunywa tu. Mimi tumbo langu halipendi maziwa."

Lilikuwa linayapenda sana.

Nyumbani mambo hayakuwa afadhali. Mkewe, Kanyange, alikuwa na matuta manne ya dodo, yaani mchicha, kule bondeni, chini kidogo ya mahali bomba la kiwanda linapomwaga, na mboga hizo ndizo zilizolipa ada ya binti yao Kirezi. Jioni moja Ismaël alirudi akakuta jembe limeegemezwa ukutani, safi.

"Shemeji Cassien amesema nisikate tena dodo za chini ya bomba," Kanyange alisema.

"Amesema nini?"

"Maji yana dawa inayokaa ndani ya majani. Hata ukichemsha haitoki."

"Mimi nilikwambia hayo Kirezi hajazaliwa."

"Wewe ulisema yananuka, Baba Kirezi. Yeye ameniambia kwa nini."

Kanyange aliacha kweli matuta yale, akaanza kuuza mkaa kwa makopo mbele ya nyumba, na vumbi lake likamkaa kwenye mikunjo ya shingo. Cassien, kwa kuona aibu ya kuwakosesha mboga, akaleta kilo ya sukari. Tangu siku hiyo Ismaël akawa anakunywa chai kavu, akisingizia jino.

Hata hivyo jioni walikaa mkekani wote watatu, na Cassien alifungua daftari lake la kazi na kumwonyesha Ismaël namba zake: tarehe, saa, chupa ya ngapi, maji makali kiasi gani. Alimwonyesha namba inavyopanda siku mashimo yanapomwagwa. Alimuuliza maswali, akaandika majibu. Ismaël alijibu. Alijibu vizuri, na kila jibu lilipoingia kwenye daftari lile alihisi kama kitu chake kinabebwa mchana kweupe.

*

Mwishoni mwa Septemba mkurugenzi alimwita ofisini. Bwana Munyaneza alizungumza Kifaransa na wageni, Kinyarwanda na makarani. Kwa Ismaël alitumia Kiswahili, kama alivyofanya kwa madereva na askari. Alimwonyesha kiti. Ismaël, ambaye hakuwahi kukaa katika chumba kile, alikaa kwenye ncha ili asikichafue.

"Wewe iko mutu wa siku mingi hapa."

"Miaka kumi na minane, Bwana Direkta."

"Huyu Cassien, nani alimuleta?"

"Ni mimi, Bwana Direkta."

"Ameandika juu yako. Unajua?" Mkurugenzi alifungua karatasi zilizopigwa chapa, akaweka kidole kwenye mstari. "Anasema, mukubwa wa mashimo anamwanga chokaa yote kila wiki. Anasema ingetumika mara mbili. Anasema ni hasara kubwa. Mukubwa wa mashimo ni nani?"

Ismaël alitazama mikono yake. Amri ya kumwaga chokaa kila wiki ilitoka katika chumba hiki hiki, na mara tatu alikuwa amepanda kueleza kwamba inaweza kurudiwa, mara tatu akaambiwa arudi kazini. Lakini hayo hakuyasema.

"Ni mimi."

"Sasa ona." Mkurugenzi alimgeuzia ukurasa wenye safu mbili za namba. "Huku ni bei ya mabwawa matatu. Huku ni hasara ya kukosa mabwawa. Ameweka mikono ya wafanyakazi. Ameweka hospitali. Ameweka mboga za wale wamama kule chini, ameweka mupaka samaki. Anajumulisha, anasema kujenga iko rahisi, kwa miaka mitatu mabwawa yamejilipa." Alicheka bila sauti. "Kuhesabu anajua. Lakini hizi ni hasara za watu wengine. Kiwanda hailipi mikono. Kiwanda hailipi dodo. Sasa yeye anazitoa kwao, anazileta kwangu. Na wazungu wakisoma hii, watataka mabwawa mbele ya mashine."

Ismaël aliyasikia maneno yale, na yalimpita. Kilichobaki kichwani ni mstari mmoja. Mkuu wa mashimo. Hasara kubwa. Kumbe jioni zile zote mkekani, kijana alikuwa akimchota maneno ili amshitaki.

"Hii kazi ya maji," mkurugenzi aliuliza, "ungeiweza?"

"Ningeiweza, Bwana Direkta."

"Basi, ngoja."

Hakungoja sana. Tarehe mosi Oktoba wapiganaji waliingia nchini kutoka Uganda, na usiku wa Alhamisi mji wote ulisikia risasi mpaka alfajiri. Redio iliwataka wananchi wawafichue wasaidizi wa adui, na magari yakaanza kupita mitaani yakikusanya watu. Jumanne iliyofuata gari moja lilisimama getini. Ismaël aliitwa tena ofisini, akiwa bado amelowa. Safari hii hakupewa kiti, kwa sababu kilikuwa kimekaliwa na mtu wa usalama aliyevaa kiraia, mpole wa sauti, kalamu mkononi.

"Cassien anakaa kwako?"

"Ndiyo, afande."

"Anapata barua kutoka Burundi?"

"Za mama yake."

"Kila siku anashuka mpaka mtoni na daftari. Anaandika nini?"

Koti jeupe lilikuwa limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, kwa kuwa asubuhi hiyo Cassien alikuwa ametumwa ghalani kuhesabu magunia ya chumvi. Ismaël aliliona. Lilikuwa na doa la kijani mfukoni. Alijua kilichomo katika daftari lile kuliko mtu yeyote ndani ya kiwanda, mkurugenzi akiwemo. Angeweza kukisema kwa pumzi moja.

"Namba," alisema.

"Namba tu?"

"Namba. Mimi sijui za nini."

Mtu wa usalama aliandika. Mkurugenzi alikuwa akitazama dirishani.

Walimtoa Cassien ghalani na chumvi ikiwa bado mabegani. Askari alikichukua kitambulisho chake, akasoma mahali palipoandikwa kabila, akakitia mfukoni mwake mwenyewe. Walipompitisha kando ya mashimo, kijana alimwona Ismaël na uso wake ukapata matumaini. Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayemwomba mwenzake amshikie kitu kidogo:

"Mzee, hebu waeleze hizi namba ni za nini."

Watu wa mashimo walisimama na pondo zao. Ismaël aliinama, akazamisha ndoano, akapapasa chini akitafuta ngozi. Aliendelea kupapasa mpaka aliposikia gari likiondoka. Shimo hilo lilikuwa limekwisha kutolewa ngozi tangu asubuhi.

Habari ilifika Biryogo kabla yake. Kanyange alikuwa amekaa karibu na makopo ya mkaa, hana mteja.

"Wanasema alikuita," alisema.

"Nilikuwa kazini."

"Wanasema alikuita, ukainama."

Ismaël alipita ndani kunawa. Kanyange hakulirudia neno hilo, siku hiyo wala siku nyingine.

*

Koti lilimbana Ismaël mabegani. Mfuko wenye doa ulioshwa mara mbili, doa halikutoka. Mkurugenzi mwenyewe alimpa maelekezo: chupa sita kila asubuhi, tarehe juu, azijaze kwenye bomba la maji ya kunywa nyuma ya jiko. Mfereji aachane nao. Maziwa yaliletwa saa nne. Siku ya kwanza aliyanywa amewapa kisogo watu wa mashimo, na hakuna aliyemwambia neno, jambo ambalo hakulitegemea.

Ripoti ilipigwa chapa upya. Natacha, karani wa mkurugenzi, alikuwa na kazi ya kuinakili yote bila safu ya pili, na alikuwa akiifanya mezani kwake siku Ismaël alipopeleka chupa. Ukurasa wa zamani ulikuwa umelala kando ya mashine. Ismaël alizoea kuwaza juu ya mstari ule kila siku. Ndio uliomtetea kila alipojihukumu. Alitaka kuusikia wote.

"Dada Natacha, nisaidie. Hapo alipoandika juu yangu, amesemaje?"

Natacha alitazama mlango, kisha akasoma taratibu, akiigeuza Kiswahili: "'Mkuu wa mashimo anamwaga chokaa yote kila wiki, ingawa ingetumika mara mbili. Hasara ni kubwa. Anafanya hivyo kwa amri ya uongozi, baada ya kupinga mara tatu. Yeye ndiye anayeyajua maji ya kiwanda hiki, na sehemu kubwa ya ripoti hii imetokana na maelezo yake. Mabwawa yakijengwa, ninapendekeza akabidhiwe yeye.'"

Natacha alisubiri.

"Nirudie?"

"Basi. Inatosha."

Alishuka ngazi. Alidhani moyo ungelainika, au angelia. Badala yake alihisi kitu kile kile cha zamani kikimkwaruza kifuani, na safari hii kwa ukali zaidi. Kijana alikuwa amemzidi elimu, akamzidi maneno mbele ya mkewe, na sasa alikuwa amemzidi hata utu, tena kwenye karatasi, kwa Kifaransa, bila kumwambia. Aliona afadhali angeshitakiwa.

Kanyange alikuwa ameanza kwenda gerezani kwa Cassien. Ijumaa ndiyo iliyokuwa siku ya kupokea chakula, na kila Ijumaa alipika wali na nyama iliyoungwa kwa karanga, akaifunga sufuria kwa kitambaa cha maua na kuondoka kabla jua halijakolea. Kwa siku nyingine za wiki nyumba ilikula maharage. Ismaël alikaa mlangoni akinusa.

"Nyama inatoka wapi?" aliuliza.

"Kwenye mkaa."

"Na sisi?"

"Sisi tuko nje, Baba Kirezi."

Ijumaa moja ya Januari Ismaël aliaga kwamba anakwenda msikitini, akamfuata. Mstari wa wanawake ulianzia lango la gereza ukazunguka kona, mamia yao, kila mmoja na sufuria au kikapu. Alijibanza nyuma ya wauza ndizi, karibu na lango. Kwa saa tatu alimtazama mkewe akiishika sufuria kwa mikono miwili, akiihamisha kutoka nyonga hii hadi ile bila kuiweka chini kwenye vumbi. Zamu yake ilipofika alimsemesha askari kwa sauti ya taratibu, sauti ambayo Ismaël hakuwa ameisikia tangu mwaka waliooana.

"Wewe ni nani wake?" askari aliuliza.

"Mke wa kaka yake."

Ismaël aliondoka bila kusubiri sufuria ipokelewe. Njia nzima alijiuliza kama ingekuwa yeye ndani, je, Kanyange angesimama hivyo. Alilihesabu hilo kila upande na hakupata jibu la kumridhisha. Akamwonea wivu mtu aliyelala kwenye sakafu ya gereza.

*

Wazungu wa benki walirudi Februari 1991, siku ya Ijumaa, watu watatu, mmoja wao mwanamke mwenye nywele fupi. Mfereji ulikuwa umefunikwa kwa mbao mpya. Ismaël alisimama kando ya meza yenye chupa sita, koti limepigwa pasi. Mwanamke alinyanyua chupa moja akaielekeza juani, akaitikisa, akaitazama tena. Maji yalikuwa safi kabisa. Aliuliza kitu, na mkurugenzi akajibu. Natacha, aliyekuwa nyuma na kalamu, alimnong'oneza Ismaël kwamba ameuliza mabwawa yako wapi na ameambiwa ni awamu ya pili.

"Na yule kijana wa mwanzo?" mwanamke aliuliza baadaye, na Natacha akanong'ona tena.

"Amesafiri," mkurugenzi alijibu.

Mwanamke alimpa Ismaël mkono. Alipouona mkono wenyewe kwa karibu alisita kidogo, kisha akaushika kwa vidole. Mezani kwa mkurugenzi walitia sahihi kabla ya chakula cha mchana. Katika karatasi yao, Natacha alisema, wameandika kwamba kiwanda kimeonyesha usimamizi mzuri wa maji kwa gharama ndogo sana, na kwamba viwanda vingine vije kujifunza.

Wageni walipoondoka, Bwana Munyaneza alimshika Ismaël bega. Mashine zingefika kabla ya Juni, alisema, na mashimo yangefungwa. Wale watu kumi na watatu wangetafuta kazi kwingine. Yeye angebaki. Benki ilitaka lazima awepo mtu wa maji.

Ismaël alipanda kwenda Biryogo haraka, habari ikimwasha mdomoni. Alikuwa ameomba ruhusa ya kurudi na koti. Alitaka Kanyange alione, alitaka kumwambia mzungu amempa mkono, kazi imekuwa ya kudumu, Kirezi ataendelea na shule. Alimkuta amekaa mkekani na viatu vyake vya safari bado miguuni. Sufuria ilikuwa mbele yake, kitambaa hakijafunguliwa.

"Leo hukwenda?"

"Nimekwenda. Chakula wamekikataa."

"Kwa nini?"

"Wamesema hayumo kwenye daftari."

"Wamemwachia?"

"Hawakusema wamemwachia. Wamesema hayumo."

"Labda wamemhamisha. Wanawahamisha sana siku hizi."

"Nimeuliza hivyo. Yule askari akapitisha kidole kwenye ukurasa, mpaka chini. Akafunga. Akasema nipishe wenzangu."

Ismaël aliendelea kusimama. Neno alilokuja nalo lilikuwa bado mdomoni, na hakujua alipeleke wapi. Kanyange alifungua fundo la kitambaa, akachukua sahani, akapakua wali, akaweka nyama juu yake, vipande vikubwa, akamimina na mchuzi. Akaisukuma sahani upande wa pili wa mkeka.

"Kaa ule."

"Sina njaa."

"Kimepikwa," alisema.

Akakaa. Alikunja mikono ya koti isichafuke, akatia mkono, akala. Wali ulikuwa umepoa, lakini nyama ilikuwa laini, karanga zimeingia mpaka ndani, tamu kama alivyoiwaza Ijumaa zote zile akiwa mlangoni. Kanyange hakula. Alikuwa akimtazama mdomo. Ismaël alipofika katikati ya sahani alitaka kunyanyua mkono anawe, na Kanyange, kabla hajafanya hivyo, akaivuta sufuria karibu, akamwongezea.